Wasomaji Wauliza: Biskuti na Vitafunwa vya Mbwa vya Kutengeneza Nyumbani

Barua za safari hii karibu zote zina ombi moja: namna ya kumwandalia mbwa kitafunwa kwa vitu vya sokoni na buchani, bila kununua pakiti za dukani ambazo bei yake inapanda kila ukigeuka. Kijiko tunachotaja humu ni kijiko cha chakula, mililita 15. Oveni ni ile isiyo na feni. Kama yako ina feni, punguza nyuzi 20.

Nina mbwa wawili na oveni ninayo. Nimewaokea biskuti mara kadhaa kwa maelekezo ya hapa na pale. Mara zinapasuka, mara zinatoka laini katikati, mara zinaungua chini. Naomba kipimo kimoja cha kuaminika.
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Kipimo ni hiki: unga wa atta gramu 300, boga lililochemshwa na kupondwa gramu 150, yai moja, na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Basi. Usitie chumvi, sukari wala hamira. Iliki na kungumanga ziache kwenye maandazi ya watu. Kungumanga humdhuru mbwa.

Tatizo la kwanza huwa ni boga, maana maboga hayalingani. Kuna boga la unga na kuna boga la maji, na ukitumia la maji kwa uzito uleule, donge litakunata mikononi, utaongeza unga, na kipimo chote kitavurugika. Boga likishaiva, liache kwenye chujio dakika 10. Kama bado limelegea, lirudishe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ulikoroge hadi kijiko kikipita chini kiache njia ambayo haijifungi mara moja. Hapo ndipo ulipime.

Changanya vyote, kanda dakika 3 au 4 tu, funika kwa kitambaa kibichi na uliache donge lipumzike dakika 20. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo sababu ya mipasuko unayoisema. Atta ina pumba, na pumba hunywa maji polepole. Ukisukuma kabla hazijanywa, kingo hukatikakatika.

Sukuma hadi unene wa milimita 6. Ili usikisie, laza penseli mbili kwenye kibao, moja kila upande wa donge, na upitishe kisukumio juu yake. Kikizigusa penseli, unene umefika na uko sawa pote. Kata kwa kisu miraba ya sentimita 2.5. Kwa kipimo hiki utapata vipande kama 100. Kila kipande kidunge kwa uma mara mbili hadi chini, mvuke upate pa kutokea, la sivyo zitavimba kama chapati na katikati zitabaki mbichi.

Oka nyuzi 170 kwa dakika 25, geuza kila kipande, ongeza dakika 15. Kisha teremsha moto hadi nyuzi 110 na uziache saa nzima zikauke. Zima, acha mlango wazi kidogo, zipoe humohumo. Laini ya katikati hutokana na kuoka kwa moto mkali na kutoa mapema: nje hukauka na kufunga, maji ya ndani hayana njia. Kuungua chini hutokana na trei nyembamba au kuiweka karibu na koili. Tumia trei mbili zilizopandana, kwenye ngazi ya katikati.

Ukiwa na mizani ya jikoni, usitegemee macho. Donge zima kabla ya kuoka lina gramu kama 515. Biskuti zote zikitoka zikiwa na gramu 335 hadi 340, zimekauka vya kutosha kukaa kwenye kopo. Zikizidi 350, zirudishe nyuzi 110 nusu saa nyingine.

Viazi vitamu vinaweza kushika nafasi ya boga, ila vina maji kidogo, kwa hiyo ongeza vijiko viwili vya maji. Kama ngano inamwasha mbwa wako, tumia unga wa mtama au wa ulezi na mayai mawili. Donge hilo halisukumiki. Likandamize kwenye trei kwa mkono uliolowa, ulikate kabla ya kuoka.

Sina oveni, na biskuti ninazooka kwa mkaa zinaota ukungu siku ya nne hata zikiwa kwenye kopo. Vyombo vya mbwa kwetu ni mbali na vya jikoni, kwa hiyo nafanyia kazi nje.
*Msomaji, Tanga*

Hewa ya Tanga, sawa na ya Mombasa na Dar, ina unyevu mwingi, na biskuti kavu huunyonya ndani ya saa chache ikiachwa wazi. Lakini ukungu wa siku ya nne ndani ya kopo unaonyesha kwamba biskuti ziliingia humo zikiwa na maji bado, au ziliingia za moto. Biskuti ya moto ikifunikwa hutoa jasho, jasho linashika mfuniko, linadondoka juu ya zile za juu. Angalia ukungu unakoanzia. Ukianzia kwenye safu ya juu, ulifunika mapema. Ukianzia katikati ya biskuti yenyewe, hazikukauka.

Kwa mkaa, fanya hivi. Chukua sufuria nzito isiyo na kazi nyingine, tandaza mchanga safi na mkavu unene wa sentimita 2, weka vijiwe vitatu, na juu yake trei au sahani ya bati inayoacha nafasi ya kidole pembeni. Funika, washa dakika 15 sufuria ipate moto, ndipo uweke biskuti. Chini weka makaa machache, juu ya mfuniko palia makaa mengi kuliko ya chini, kama unavyopalia mkate wa kumimina. Oka dakika 25, geuza, dakika 15 tena. Kisha ondoa makaa yote ya chini, bakiza machache juu, na uache mfuniko umeegemea kijiti ili mvuke utoke. Kaa na moto huo wa kufa saa moja na nusu hadi mbili. Muda huu wa mwisho ndio unaozuia ukungu, na ndio watu huukatiza kwa sababu biskuti tayari zinanukia.

Vunja moja. Iliyokauka hukatika kwa mlio, na ndani rangi ni moja kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiona mstari mweusi wenye unyevu katikati, rudisha. Zipoe kabisa juu ya waya au ungo kavu kivulini, kisha kopo lenye mfuniko unaobana. Zilizokauka sawasawa zitakaa wiki 3. Ukitaka za mwezi au miwili, gawa kwenye mifuko midogo, weka kwenye friza.

Na zile zilizoota ukungu usizikwangue ukampa mbwa. Unaouona juu ni sehemu ndogo ya uliomo ndani.

Muuza nyama hunipa mapupu na vipande vya maini bure. Mbwa wangu wanavipenda vikiwa vibichi. Nifanyeje kuvikausha viwe vitafunwa vya kufundishia?
*Msomaji, Kajiado*

Kwanza, ndugu, acha leo kuwapa mabichi. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu linahusu watoto wa nyumbani kabla ya kuwahusu mbwa.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wa maeneo ya ufugaji huweza kuwa na mifuko yenye maji kwenye mapafu na maini, midogo kama punje ya mahindi au mikubwa kama chungwa, meupe na yenye ngozi ngumu. Ndani yake mna vichwa vya tegu. Mbwa akila mfuko huo mbichi, tegu hukomaa kwenye utumbo wake. Ni wadogo, milimita chache tu, hutawaona kwenye kinyesi. Mayai yao hutoka na kinyesi, hushika manyoya, udongo, maji na mboga. Mtu akiyameza, mifuko ileile humwota yeye, kwenye ini au mapafu, na hukua kimyakimya kwa miaka mingi hadi ahitaji upasuaji. Kaskazini mwa Kenya, Turkana, ugonjwa huu ulikuwa mzito kiasi kwamba Amref ilianzisha mradi maalumu wa kuudhibiti mwaka 1983, na sehemu kubwa ya kazi ilihusu mbwa.

Kwa hiyo kila kiungo cha ndani kichemke kwanza. Kipande chenye mifuko ya maji usikipokee hata kwa kuchemsha. Kichomwe au kifukiwe kwa kina ambacho mbwa hatafukua. Mpe mbwa dawa ya minyoo yenye prazikwanteli. Kwa mbwa anayezurura karibu na machinjio, daktari wa mifugo huenda akakupangia kila wiki 6.

Sasa mapishi. Mapupu yana hewa, yanaelea, na sehemu iliyo juu ya maji haiivi. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja, weka kwenye maji mengi, kandamiza kwa sahani yenye jiwe juu yake, na uchemshe dakika 45 tangu maji yaanze kutokota. Povu la mwanzo liengue. Yakipoa, kata vipande vya sentimita 1, panga bila kugusana, kausha nyuzi 100 kwa saa 3 hadi 4 mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo. Yakikauka huwa mepesi sana na hukatika kwa vidole. Yakibonyea kama sponji, bado.

Maini kata unene wa sentimita 2, chemsha nusu saa. Baada ya hapo yakate vipande vidogo kama punje ya haragwe, kausha nyuzi 110 kwa saa 2. Nusu kilo hubaki kama gramu 150 hadi 180. Ukikata makubwa kwa nia ya kuyapunguza baadaye, hayatakatika. Yatamung'unyika kuwa unga. Unga huo usitupe, nyunyizia kwenye biskuti za atta.

Kwa kufundishia, hakuna kinachoyashinda maini, harufu yake humfanya mbwa ageuke hata akiwa mbali. Ila yana vitamini A nyingi, ambayo mwili wa mbwa huiweka akiba badala ya kuitoa, na ikizidi kwa miezi humkakamaza shingo na viungo. Mbwa wa kilo 10 asizidi gramu 10 za maini makavu kwa siku, na isiwe kila siku. Punje moja kwa amri moja inatosha. Mbwa anahesabu mara alizopewa, hapimi ukubwa.

Kukausha juani tu hatukushauri. Nzi hufika kabla jua halijamaliza kazi, na jua halifikii joto la kuua vijidudu. Yaliyokwisha kuchemka unaweza kuyamalizia juani siku kavu, chini ya chandarua, yaingie ndani kabla ya umande.

Dagaa wanafaa? Huku kwetu ni rahisi kupata kuliko nyama.
*Msomaji, Mwanza*

Wanafaa sana, na dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena, ndio bora zaidi kwa kazi hii kwa sababu hukaushwa bila chumvi. Kasoro yao ni mchanga. Waliokaushwa chini ufukweni hubeba mchanga usioonekana ambao hukwangua meno na kukaa tumboni. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, koroga kwa mkono, waopoe juu juu bila kumwaga beseni, maana mchanga umetuama chini. Rudia hadi chini ya beseni pabaki safi. Kisha wakaange bila mafuta, moto mdogo, dakika 15 hadi wakatike. Mbwa wa kilo 10 wanamtosha dagaa 5 au 6 kwa siku.

Wasomaji wa Zanzibar na pwani waangalie: dagaa wa baharini mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waloweke usiku kucha, badilisha maji mara mbili, na uonje mmoja. Ukisikia chumvi ulimini, mbwa asipewe.

Mafuta ya dagaa huchacha. Wakianza kunuka kama rangi ya mafuta, watupe. Weka akiba ya wiki moja nje, wengine kwenye friza.

Siagi ya karanga inatajwa kila mahali kwenye mapishi ya mbwa. Ni salama kweli?
*Msomaji, Dodoma*

Inategemea kopo na inategemea karanga.

Siagi ya dukani, soma lebo. Baadhi ya zilizoandikwa kuwa hazina sukari hutiwa utamu uitwao xylitol, na pengine huandikwa kwa namba tu, E967. Kwa mtu haina neno. Kwa mbwa hulazimisha kongosho kumwaga insulini kwa wingi, sukari ya damu hushuka ndani ya nusu saa hadi saa moja, mbwa anayumba, anatapika, anapata degedege. Kiasi kikizidi, ini huharibika. Mbwa wa kilo 10 huanza kudhurika kwa gramu 1 hivi. Utamu huo huo umo kwenye baadhi ya bazoka zisizo na sukari na dawa za meno, kwa hiyo mkoba wako usiuache sakafuni.

Siagi ya kusaga mwenyewe haina tatizo hilo, ina la kwake: sumukuvu. Karanga na mahindi yakivunwa au kuhifadhiwa na unyevu, kuvu huzalisha sumu inayoua ini. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na Dodoma na Manyara zilikumbwa mwaka 2016. Mbwa huathirika nayo upesi mno. Kosa linalofanywa na watu wema kabisa ni kuchambua karanga, nzuri zikala watu, zilizosinyaa na zenye madoa zikaenda kwa mbwa. Hizo ndizo zenye sumu. Kukaanga hakuiondoi, kuoka hakuiondoi. Karanga usiyoweza kumpa mtoto usimpe mbwa, na ni vivyo hivyo kwa unga wa mahindi unaonuka uvundo. Mbwa aliyeacha kula ghafla, anatapika, fizi na weupe wa macho vikageuka njano, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo pamoja na sampuli ya alichokula.

Ukiwa na siagi safi, kijiko kimoja kina kalori karibu 95. Kwenye kipimo cha Njiro hapo juu, toa kijiko cha mafuta, weka vijiko viwili vya siagi ya karanga na kijiko kimoja cha maji.

Daktari amesema mbwa wangu wa kilo 10 amenenepa. Nampa vitafunwa vya nyumbani tu, tena vya asili. Vinawezaje kumnenepesha?
*Msomaji, Lang'ata, Nairobi*

Asili haipunguzi kalori, dada. Mbwa wa kilo 10 aliyehasiwa, anayetembezwa kawaida, anahitaji kalori kama 630 kwa siku. Vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi, yaani 63, na chakula chake kipunguzwe kwa kiasi hicho. Wa kilo 5 ni kalori kama 37, wa kilo 20 ni 106, wa kilo 30 ni 143. Tazama kwamba wa kilo 30 hapati mara sita ya wa kilo 5. Mwili mdogo huchoma zaidi kwa kila kilo.

Biskuti zile za boga zina kalori kama 12 kila moja. Wako anastahili 5 kwa siku kutoka kwa watu wote wa nyumbani. Hapo ndipo hesabu hupotea: mama anampa asubuhi, watoto wakirudi shule, mlinzi usiku. Asubuhi hesabu 5, weka kwenye kikombe, kila anayetaka kumpa achukue humo. Kikiisha kimeisha. Ukihitaji mafunzo marefu, kata kila biskuti mara nne kabla ya kuoka. Mbwa atapata tuzo 20 kwa kalori zilezile. Huku akipunguza uzito, nusu ya biskuti zibadilishe kwa vipande vya tango au karoti mbichi.

Ukoko na ugali wa jana je?
*Msomaji, Morogoro*

Vizuri, mradi ugali ulilala mahali pa baridi na haujachachuka. Kata vipande vya sentimita 1, viloweshe kidogo kwa supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu, kausha nyuzi 120 saa moja na nusu, au upalie mkaa kama tulivyomweleza msomaji wa Tanga. Usizidishe unene: ugali mkavu wa sentimita 2 ni mgumu kiasi cha kuvunja jino.

Supu ya vidonge isitumike kabisa. Vidonge vya mchuzi vina chumvi nyingi na unga wa kitunguu, na kitunguu kikavu kina nguvu kuliko kibichi. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa; dalili huchelewa siku 3 hadi 5, fizi zinapauka na mkojo unakuwa mweusi, wakati huo mwenye mbwa ameshasahau alichompa.

Nataka kumtengenezea mbwa wa binti yangu keki ya siku ya kuzaliwa yenye kakao na zabibu kavu. Pia kuna makadamia zilizovunjika shambani ambazo hazinunuliwi.
*Msomaji, Murang'a*

Umetaja vitu vitatu, na vyote vitatu ni sumu kwa mbwa. Kakao ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huitoa polepole mno, moyo ukaenda mbio na degedege ikafuata. Unga wa kakao ni mkali kuliko chokoleti ya maziwa. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuzima figo, na hakuna idadi inayojulikana kuwa salama. Makadamia hulegeza miguu ya nyuma ndani ya saa 12, na ingawa mbwa wengi hupona kwa siku mbili, hakuna sababu ya kuwapitisha huko. Zile zinazodondoka shambani zizoleni mbwa wasizikute.

Keki ifanye hivi: maini yaliyochemka gramu 250, mayai 2, uji wa oti mkavu gramu 120, karoti moja iliyokunwa. Saga kwenye blenda, mimina kwenye chombo kilichopakwa mafuta, unene wa sentimita 2, oka nyuzi 180 dakika 30. Juu paka mtindi mzito usio na sukari badala ya krimu. Keki hii ina unyevu, ikae kwenye friji siku 3 tu, na kila mgeni wa miguu minne apate kipande cha sentimita 3. Na donge la maandazi lililotiwa hamira liwe mbali siku hiyo ya pilika. Likimezwa bichi huumukia tumboni na kutoa pombe.

Mtoto wa mbwa wangu, miezi minne, anatafuna viatu. Nimpe gunzi la mahindi?
*Msomaji, Bujumbura*

Hapana, gunzi kamwe, hata kwa mbwa mkubwa. Halimeng'enyeki, humezwa vipandevipande na kuziba utumbo, wakati mwingine siku nyingi baada ya kuliwa. Mbwa anayetapika mara kwa mara na hapati choo baada ya kula gunzi anahitaji upasuaji, si mafuta ya kula. Kokwa la embe na mifupa ya kuku iliyopikwa viko kundi hilohilo.

Umri huo meno ya utoto yanapisha ya ukubwa, na fizi zinawasha. Chukua karoti nzima nene kuliko mdomo wake, imenye, iweke friza saa 3, mpe ukiwa karibu, na mnyang'anye ikibaki kipande anachoweza kukimeza. Au ponda ndizi moja mbivu, changanya na mtindi mililita 200, mimina kwenye trei ya barafu. Utapata vipande 14 hivi, kila kimoja kalori 15. Kimoja kwa siku kinamtosha, na akiharisha ujue maziwa hayamkubali. Mtengenezee kwa maji ya kuku aliyechemshwa bila chochote, mafuta yakiwa yameenguliwa.